Ada ya Chama

Marehemu baba yangu alikuwa kuli katika bandari ya Dar es Salaam, na mengi ninayoyajua kuhusu vyama vya wafanyakazi niliyasikia kwake kabla sijaajiriwa popote. Hakuyasimulia kama somo. Aliyasimulia kama watu wanavyosimulia kazi zao wakishavua viatu: nani alianguka na gunia, mnyapara gani alikuwa na roho mbaya, mwaka gani walikataa.

Walikataa mara nyingi. Makuli wa Tanga waligoma mwaka 1937, wa Dar es Salaam 1939, wakarudia 1943, kisha ukaja mwaka 1947, ambao baba aliutumia kuhesabia umri wa watu. Wakati huo magati ya kina kirefu yalikuwa hayajajengwa. Meli zilitia nanga ndani ya bandari, shehena ikateremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi ufukoni, na kuanzia hapo mzigo ulikwenda kwa migongo ya watu. Wengi wao walikuwa vibarua. Kila alfajiri walisimama getini, mnyapara akapita akichagua kwa kidole. Aliyeachwa alirudi nyumbani bila senti.

Nilipokuwa msichana nilimwuliza ilikuwaje watu wanyonge kiasi hicho ndio wakawa wa kwanza kugoma, wakati makarani wenye mishahara ya mwezi walikaa kimya. Alinijibu kwamba karani alikuwa na kitu cha kupoteza. Kibarua huwezi kumfukuza kazi, kwa kuwa kazi hana. Ana siku ya leo tu. Akilala nyumbani siku tatu, kwake ni njaa aliyokwisha kuizoea, lakini kwa mwenye meli ni hasara inayopanda kila saa, maana meli haingoji bure. Sharti ni moja tu: walale wote. Akilala mmoja, mnyapara atanyoosha kidole kwa mwingine na kazi itaendelea.

Nimesoma vitabu kadhaa tangu wakati ule kuhusu madhumuni ya vyama vya wafanyakazi, na sijapata maelezo yaliyonikaa kuliko hayo ya baba. Mfanyakazi mmoja anamhitaji mwajiri kila siku. Mwajiri hamhitaji mfanyakazi huyo mmoja hata siku moja. Anawahitaji wote kwa pamoja. Chama kipo ili uhitaji huo wa pili uonekane na uwe na sauti mezani. Mishahara, likizo, fidia ya kuumia, usafiri wa usiku, yote hutoka hapo.

Mgomo wa 1947 haukuzuka wenyewe. Januari ya mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wameusimamisha mji wao mzima, makuli, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, maboi wa majumbani. Walikutana kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na Shirikisho lao la Wafanyakazi wa Kiafrika likaongozwa na Chege Kibachia. Mwezi Agosti serikali ilimkamata Kibachia ikampeleka uhamishoni Baringo. Baba alisema habari za Mombasa waliletewa na mabaharia, na kwamba kwenye vibanda vya kahawa jina la Kibachia lilitajwa kwa sauti ya chini. Septemba ikawa zamu ya Dar es Salaam. Makuli waliacha kazi, watu wa reli wakawafuata, na mgomo ukapanda na reli ya kati kupita Morogoro na Dodoma kwenda bara. Mwaka uliofuata Unguja nayo ikagoma. Pwani nzima ilikuwa ikizungumza lugha moja na kubeba magunia yaleyale, kwa hiyo haishangazi kwamba ilifikia uamuzi uleule.

Makuli wa Dar es Salaam walipata nyongeza ya mshahara, na baada yake chama kilichoandikishwa. Chama hicho hakikuishi muda mrefu. Mwanzoni mwa 1950 makuli waligoma tena, safari hii wakipinga utaratibu mpya wa kuwaandikisha na kuwaitia kazi, kwa sababu walielewa kwamba ule ukibarua wao ndio uliokuwa nguvu yao. Mgomo ukageuka ghasia, polisi wakaingia, watu wakafungwa, chama kikafutwa.

Hapa lazima niseme neno kuhusu sheria, maana bila hilo historia yetu haieleweki. Uingereza yenyewe iliwahi kufanya kuungana kwa ajili ya mshahara kuwa kosa la jinai, na haikuondoa katazo hilo hadi 1824. Hata baada ya hapo, mwaka 1834, vibarua sita wa mashambani kutoka kijiji cha Tolpuddle walipelekwa uhamishoni Australia kwa sababu ya kula kiapo katika chama chao. Vyama vilitambuliwa na sheria mwaka 1871, baada ya vizazi viwili vya watu kufungwa, kufukuzwa na kuungana upya. Sidney Webb, ambaye pamoja na mkewe Beatrice aliandika historia ya vyama hivyo mwaka 1894, baadaye akawa Waziri wa Makoloni kwa jina la Lord Passfield. Mwaka 1930 aliwaandikia magavana akiwataka waruhusu vyama vya wafanyakazi, ila viandikishwe na viangaliwe. Tanganyika ikatunga sheria yake 1932. Kule wafanyakazi walijenga vyama kwanza, sheria ikaja kuvikuta vimesimama. Huku daftari la msajili lilifunguliwa kabla makuli hawajawa na chama cha kuandikisha humo, na mwenye daftari alikuwa na kalamu ya kuandika na ya kufuta. Sidhani kama Webb alikusudia vibaya. Lakini mpangilio huo umetuandama chini ya kila serikali tuliyokuwa nayo.

Mimi nilizaliwa baada ya migomo hiyo. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya chama ni ya mtu mwenye daftari jingine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, tukiishi Keko, na makuli walikuwa wamekwisha kuunda chama chao upya. Mkusanyaji wa ada alikuja Jumamosi jioni, akakaa barazani kwetu kwa kuwa baraza letu lilikuwa pana, na wanachama wa mtaa wakaja mmoja mmoja. Mama alitoa kahawa. Nilidhani watu wangetoa shilingi zao na kwenda zao, lakini ilikuwa kesi. Fedha ya mwezi uliopita ilifanya nini? Yule aliyevunjwa mguu na winchi alipewa kiasi gani, na nani alimpelekea? Kwa nini katibu amekwenda mkutanoni kwa teksi wakati basi lipo? Mkusanyaji alijibu moja baada ya jingine, wakati mwingine akitokwa jasho, kwa sababu asipojibu mtu aliinuka na shilingi yake mfukoni. Alipenda kusema mkono mtupu haulambwi. Baba alimjibu siku moja kwamba mkono uliojaa nao ufunguliwe, watu wauone.

Nilikuwa mtoto, na niliona kero tupu katika mabishano yale. Leo ninayaona kuwa ndiyo yaliyokuwa mkutano wa kweli wa chama. Mwenye shilingi alikuwa na haki ya kuinyima, na aliyeihitaji alilazimika kumweleza.

Nchini kwa jumla vyama vilikuwa vimekua kwa kasi. Mwaka 1955, kwa msukumo wa Tom Mboya aliyekuja kutoka Kenya, liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, na Rashidi Kawawa, aliyekuwa akiongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, akawa Katibu Mkuu wake. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, chama cha siasa kilichokuwa kikidai uhuru. Wengi walipitia mlango wa chama cha wafanyakazi kuingia katika harakati za uhuru. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, TANU iliwaomba wananchi waache kunywa bia, na watu wakaacha. Mwaka huohuo wakata mkonge wa Mazinde waligoma. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli walikaa nje ya kazi kwa zaidi ya miezi miwili. Baba hakuwa mtu wa reli, lakini alikumbuka michango iliyopitishwa kwa ajili yao, na watoto wa watu wa reli waliokula kwenye nyumba za wengine.

Kisha uhuru ukaja, Kawawa akawa Waziri Mkuu mwanzoni mwa 1962, na mtu angetarajia mambo yawe rahisi. Hayakuwa. Viongozi wa TFL walitaka Waafrika wapewe nafasi za kazi haraka zaidi na walitaka chama kibaki huru nje ya serikali. Serikali iliona nchi maskini ya wakulima ambamo wachache wenye mishahara wanaweza kusimamisha bandari na reli. Kila upande ulikuwa na hoja, na ninaposema hivyo sipimi maneno. Hoja ya serikali ilikuwa nzito. Mwaka 1962 zikapitishwa sheria zilizobana migomo na kuviweka vyama chini ya shirikisho moja lililoteuliwa. Kasanga Tumbo wa chama cha reli alikuwa amepelekwa London kuwa Balozi. Akajiuzulu, akarudi kuanzisha chama cha siasa cha upinzani. Victor Mkello wa chama cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge alipelekwa kizuizini Sumbawanga Januari 1963. Januari 1964 askari wakaasi, viongozi wengi wa vyama wakakamatwa baada ya maasi hayo, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa. Mahali pake bunge likaunda NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, kikiwa chini ya TANU. Katibu wake Mkuu aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi.

Mambo mazuri yalipatikana, na si machache. Mwaka 1964 ilipita sheria ya usalama wa ajira iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi, ikaweka kamati za wafanyakazi sehemu za kazi. Mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao leo mrithi wake ni NSSF. Baba alilipwa kutoka mfuko huo alipostaafu na alishukuru. Watu wa Dar es Salaam walipata hata bendi, NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, iliyobadilishwa jina na kuwa JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, na ambayo wengi wanaijua kama Msondo Ngoma. Kijana asiyejua chochote kuhusu historia ya vyama anaweza kuifuata kwa majina ya bendi hiyo, na muziki wake ulilipiwa na fedha za wafanyakazi. Sijaona ubaya wowote katika hilo. Watu wanaofanya kazi wana haki ya kucheza.

Ila mkusanyaji wa ada hakuja tena barazani. Ada ilikatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujafika mkononi. Baba aliendelea kuwa mwanachama hadi alipostaafu, na sikumsikia tena akibishana na mtu wa chama kuhusu shilingi.

Nilianza kazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo mwaka mmoja hivi baada ya NUTA kugeuka JUWATA mwaka 1978, ikiwa mojawapo ya jumuiya tano za chama tawala, CCM, pamoja na za wanawake, vijana, wazazi na washirika. Nilikuwa kwenye kusokota nyuzi. Mshahara wangu wa kwanza ulikuja na makato ya chama, na sikukumbuka kuombwa. Sikulalamika, nilikuwa binti wa kuli, nilijivunia kuwa mwanachama. Tulikuwa na mikutano ya tawi, baraza la wafanyakazi ambalo liliwekwa kwa waraka wa Rais wa 1970, na vikao ambamo tulisomewa malengo ya uzalishaji. Wazee wa kiwandani walikuwa bado wakizungumzia Mwongozo wa TANU wa 1971, ule ulioonya viongozi wasiwe wenye majivuno na wasiwanyanyase watu. Kwa miaka miwili mitatu baada yake wafanyakazi sehemu nyingi waliweka zana chini na kuwafungia mameneja nje, kwa hiari yao, bila kungoja chama chao kiwaite. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikichukua kiwanda chenyewe na kukiendesha. Nadhani hiyo ni habari inayopaswa kufundishwa zaidi. Inaonyesha kwamba watu hawakuwa wamesahau namna ya kukataa. Walikuwa tu hawana chombo cha kukatalia.

Jambo lililonifundisha mimi mwenyewe lilikuwa dogo. Zamu ya pili ilitoka saa nne usiku. Wanaume walitembea. Sisi wanawake tulitembea kwa makundi, tukipita mahali pasipo na taa, na kulikuwa na wenzetu walioporwa na mmoja aliyefanyiwa jambo baya zaidi ambalo halikuandikwa popote. Tuliomba gari. Uongozi wa kiwanda ulisema dizeli hakuna, na kweli miaka ile dizeli ilikuwa adimu, ingawa gari la meneja halikulala. Katibu wa tawi letu alikuwa mtu mwema. Aliandika barua, barua ikapanda ngazi, na ngazi ilikuwa ndefu.

Tulikuwa na mchezo wetu wa fedha, kama wanawake wa kila kiwanda: kila mmoja anatoa kiasi mwisho wa mwezi, anapewa mmoja, mwezi ujao mwingine. Mama mmoja wa upande wa kufuma, mkimya sana, akasema tutoe kidogo juu ya ule mchango na kukodi pikapu itupeleke hadi barabara kuu. Mimi nilipewa daftari, kwa sababu nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Mwezi wa kwanza walitoa wachache. Waliotoa walitaka kujua kila shilingi ilikwenda wapi, wakanishika koo kwa ajili ya salio dogo, na nikawaonyesha stakabadhi ya dereva. Mwezi wa pili walitoa karibu wote.

Kilichofuata ndicho nisichokitarajia. Watu waliozoea kukutana kila mwisho wa mwezi kuhusu pikapu walianza kuzungumza mambo mengine: vumbi la pamba, choo kibovu, msimamizi mwenye mikono mirefu. Tukawa tunajuana kwa idara zote. Pikapu ilipokatika kwa kukosa mafuta, hatukuandika barua. Zamu ya pili ilifanya kazi polepole usiku mmoja, kwa utaratibu, kila mashine ikizimwa kwa sababu halali, na usiku wa pili vilevile. Katibu wa tawi alikuja kutusihi, akatusikiliza kwa muda mrefu, na akaenda kwa meneja akiwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho hapo kabla, yaani watu nyuma yake. Wiki ileile dizeli ilipatikana. Gari la zamu ya pili liliendelea hadi kiwanda kilipofungwa.

Kila mwezi chama kilikuwa kikipokea kutoka kwetu fedha nyingi kuliko tulizowahi kuweka kwenye daftari langu, na bado daftari ndilo lililotuunganisha. Tofauti ilikuwa katika ule mkono unaosita kabla ya kutoa. Makato hayasiti. Kwa kweli simshauri mtu yeyote arudi kukusanya ada barazani. Wanachama ni maelfu, wakusanyaji huchoka, wengine huiba, na chama kisicho na fedha ya uhakika hakiwezi kulipa wakili wala kumweka ofisa mikoani. Ninachodai ni kwamba makato yakiondoa kazi ya kukusanya, yasiondoe pia ile kazi ya kujieleza, maana hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikimfanya kiongozi amjue mwanachama wake.

Miaka ya 1990 ilitukuta na jina jipya, OTTU, lililoanzishwa 1991 nchi ikielekea vyama vingi, na ikatukuta na ubinafsishaji. Kiwanda chetu kilipunguza watu kwa mafungu. Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa tawi. Watu wa nje hudhani chama kilichoshindwa kuzuia watu wasipunguzwe kimeshindwa kabisa. Mimi nilikuwa ndani, na ninataka kueleza chama hufanya nini siku za kushindwa.

Kinasoma orodha. Uongozi ulileta majina, na tukakaa nayo usiku. Tuliuliza kigezo. Walisema wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, lakini tulipolinganisha na tarehe za ajira tukakuta wanawake wawili wenye mimba na mzee mmoja msema kweli wamewekwa kwenye orodha ingawa walikuwa na miaka mingi kazini. Majina yao yakatoka. Kisha tukachukua hesabu za mafao. Karani wa mishahara alikuwa amekokotoa kwa mshahara wa zamani, kabla ya nyongeza ya mwaka ule. Nilikaa na penseli na hati za malipo, mfanyakazi baada ya mfanyakazi, nikaandika tofauti pembeni. Uongozi ulipinga kwa wiki kadhaa, ukalipa. Hazikuwa fedha za kumtajirisha mtu. Kwa wengine ilikuwa bati za kuezekea, kwa wengine ada ya shule. Jina langu lilikuwa kwenye fungu la mwisho.

Nilikwenda kuuza vitenge Kariakoo, na nisingerudi kwenye mambo haya kama sheria isingebadilika. Sheria ya vyama ya 1998 ilianza kutumika mwaka 2000, OTTU ikafika mwisho wake, vyama vya sekta vikasimama kila kimoja kwa jina lake, na 2001 likaundwa shirikisho la TUCTA. Mwaka 2004 ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na baadaye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambako mtu aliyefukuzwa anaweza kwenda bila wakili. Sheria hiyo inataka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ajadiliane na chama kuhusu njia ya kuchagua majina. Yale tuliyoyapigania usiku na penseli sasa yameandikwa. Mama mzazi ana siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote wengi hawakitaji. Mwajiri hawezi kukata ada ya mwanachama mpaka mwanachama mwenyewe ajaze fomu na kutia sahihi, na mwanachama huyohuyo anaweza kuiondoa sahihi yake kwa taarifa ya mwezi mmoja. Yule mwenye shilingi amerudishiwa haki ya kuinuka nayo. Vyama vingine vinaiogopa fomu hiyo. Vinapendelea ada ya uwakala, ambayo chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaruhusiwa kukubaliana na mwajiri ikatwe hata kwa wasio wanachama, kwa hoja kwamba nao wananufaika na mkataba uleule. Hoja hiyo naikubali. Lakini nimeona inavyolegeza miguu ya waandaaji: fedha inakuja hata wasipokwenda kwenye lango la kiwanda.

Mei 2010 nchi nzima iliona nguvu na mipaka ya vyama hivi vipya. TUCTA ilidai kima cha chini cha Sh 315,000 na ikatangaza mgomo uanze tarehe 5. Siku mbili kabla, Rais Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akaukataa waziwazi, na mgomo ukaahirishwa. Walimu nao, mwaka 2012, walianza mgomo na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikauzuia ndani ya siku chache. Wapo waliosema basi, vyama havina maana. Mimi nilitazama jambo jingine. Mwezi ule wa Mei 2010 niliwauliza wateja wangu waliokuwa watumishi kama kuna mtu wa tawi aliyewafikia kazini kuwaeleza mgomo utaendeshwa vipi, nani abaki hospitalini, nani awalishe watakaokatwa mshahara. Hakuna aliyekuwa amefikiwa. Makuli wa 1947 hawakuwa na sheria nzuri kuliko hiyo, ila walijuana.

Siku hizi nawasaidia kwa kujitolea mabinti wa kiwanda kimoja cha kushona nguo za kuuza nje. Wengi wana mikataba ya miezi sita, na wengine wameletwa na mawakala, hivyo hata kusema mwajiri wao ni nani ni kazi. Wako katika hali ya vibarua wa getini, isipokuwa kidole cha mnyapara kimehamia kwenye simu: ujumbe unakuja usiku, njoo kesho au usije. Kukusanya sahihi kulichukua muda mrefu. Tulikutana kwenye kibanda cha chipsi baada ya zamu, watatu watatu. Binti mmoja alishika fomu ile muda mrefu bila kuandika, akataka kujua asilimia mbili ya mshahara wake itafanya nini hasa, mwezi huu, si mwaka ujao. Nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza. Hakutia sahihi siku ile. Alirudi baada ya wiki mbili na maswali mengine na wenzake wanne, na leo ndiye mweka hazina wa tawi.

Zaidi ya nusu ya wafanyakazi walipokuwa wamejiunga, mwajiri alilazimika kukaa mezani. Mkataba wa hali bora umesainiwa: usafiri wa zamu ya usiku, chumba cha kunyonyeshea, nyongeza ndogo. Haukugusa walioletwa na mawakala, na hilo ndilo pengo kubwa, kwa sababu mwajiri akitaka kuvunja tawi atawaongeza hao na kuwaacha wengine mikataba yao iishe. Sioni njia isipokuwa kuwaandikisha nao, mmoja mmoja, hata kama kesho wataitwa kiwanda kingine. Mabinti wametoa kopi za mkataba na kuzigawa kwa kila meza ya kushonea, pamoja na meza za walioletwa na mawakala. Jumamosi hii wana mkutano wa tawi, na ajenda ya kwanza waliyoiandika wenyewe ni kusomewa mapato na matumizi.